Mvi za Waziri na Nywele za Binti

Hukumu hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeombwa ushahidi. Binti akipanda daladala na nywele za rangi ya dhahabu, au za zambarau, au nyekundu ya kuita, minong'ono huanza kabla konda hajagonga bati. Huyu hajipendi. Huyu anataka Uzungu. Wazazi wake wako wapi? Wenye usomi kidogo husema jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi: amepoteza utambulisho wake, ana kasumba, anatafuta kwenye chupa ya dai kujiamini alikokukosa moyoni. Mhubiri huongeza aya, mwalimu huongeza fimbo, na ofisa utumishi, ambaye hasemi kitu, huchukua barua yake ya maombi na kuipeleka chini ya nyingine zote.

Naikataa hukumu hiyo, na sitaikataa kwa kusema kwamba kila mtu ana uhuru wake, maana hilo ni jibu la aliyeishiwa hoja. Naikataa kwa sababu haina ukweli. Haisemi kweli kuhusu Uafrika, wala kuhusu dini, wala kuhusu huko kujiamini kunakolililiwa. Na wanaoitoa hawaiamini wenyewe, kwani wao, au baba zao, au mabosi wao, hupakwa rangi kichwani kila mwezi na hakuna anayewaita wajieleze.

Wana jambo moja la kweli, na ni vema nilitaje mapema. Ukoloni ulituachia kipimo cha uzuri ambacho Mwafrika alianza nacho akiwa ameshashindwa. Mkorogo umeunguza nyuso za mama zetu na dada zetu kwa zebaki na haidrokwinoni, na wapo walioachiwa mabaka ya maisha. Kushtuka kulikuwa halali. Ndiyo maana Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza kazi Januari 1969 na kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, vipodozi vya kuchubua ngozi na mawigi.

Mawigi! Leo wigi lipo kichwani mwa mbunge, mwa mama mkwe, mwa mzee wa kanisa anayeongoza sala ya kufungua kikao cha harusi. Serikali ilipolikumbuka tena mwaka 2019 haikulipiga marufuku, ililitoza kodi: asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Kilichokuwa usaliti wa taifa kikawa chanzo cha mapato ndani ya miaka 50. Sisemi hivyo kulitetea wigi. Nasema kwamba huo utambulisho tunaoambiwa tuulinde hupangwa upya kila kizazi, na anayeupanga kwa kawaida huuanzia pale mama yake alipoishia. Alichovaa mama ni mila. Anachovaa binti ni upotevu.

Tena nywele si ngozi, na kuvitia vyote kapu moja ni uvivu wa kufikiri. Anayejichubua anataka uamini kwamba alizaliwa hivyo. Ndiyo maana huficha makopo, ndiyo maana hukasirika ukimtazama vifundo vya vidole, ambavyo hukataa kung'aa na hivyo kutoa siri yake. Mwenye nywele za bluu hakufichi kitu. Hakuna mama duniani aliyejifungua mtoto mwenye nywele za bluu, na binti analijua hilo kama unavyolijua wewe. Halafu nywele hukua sentimita 1 hivi kwa mwezi. Baada ya miezi sita mizizi yake nyeusi iko nje, kila mtu anaiona, na akichoka atamwendea kinyozi na kutoka na kichwa kipya kwa bei ya soda na chapati. Utambulisho unaopotea Januari na kurudi Julai kwa mkasi haukuwa umepotea.

Tuje kwenye Uafrika. Pita Mji wa Kale wa Mombasa watu wanapotoka msikitini Ijumaa, au mitaa ya Malindi kule Unguja, au Eastleigh kwenye maduka ya Wasomali jijini Nairobi. Utakutana na wazee wa heshima zao wenye ndevu za rangi ya machungwa, nyekundu hasa, rangi ambayo hakuna mwanadamu anayeota nayo kwa namna hiyo. Wamepaka hina. Bibi aliyeketi barazani naye, ukimwona mtandio ukimteleza, nywele zake zina wekundu uleule. Hakuna aliyewahi kumsimamisha mzee huyo na kumuuliza kama anajipenda. Wanamwamkia shikamoo na kupita.

Wala hiyo si desturi ya pembeni iliyojipenyeza kwa bahati. Katika Sahih Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, imesimuliwa kwamba siku Makka ilipofunguliwa aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar, kichwa na ndevu zikiwa nyeupe pe, na Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe rangi, ila waepuke nyeusi. Hadithi nyingine hutaja hina na katamu, mmea wenye kukoza rangi, kuwa ndivyo bora vya kubadilishia mvi. Wanazuoni wamebishana sana juu ya hiyo nyeusi, nani anaruhusiwa na lini. Juu ya kubadilisha rangi kwenyewe hawana ugomvi. Basi kwa nusu ya wasomaji wangu, hasa wa pwani, kutia nywele rangi hakujaletwa na televisheni; kulikuwapo kabla ya Mreno kutia nanga. Na kwa nusu ya pili, waliozoea kusikia Mathayo 5:36 ikitajwa mimbarini, kwamba mtu hawezi kuufanya unywele wake mmoja kuwa mweupe au mweusi, naomba wausome mstari huo wote pamoja na aya zinazoutangulia. Yesu anakataza watu wasiape kwa vichwa vyao. Saluni haikuwa ajenda.

Ondoka pwani, panda bara. Morani wa Kimasai hufuga nywele, huzisokota nyuzinyuzi nyembamba, na kuzipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta mpaka kichwa na mabega vinawaka. Rangi ile humwambia kila anayemwona kijana kwamba yuko katika kipindi fulani cha maisha: si mtoto, bado si mzee. Ikifika sherehe ya eunoto, mama yake mzazi humnyoa, nywele zote nyekundu zinaanguka, na wapo morani wanaolia siku hiyo. Wanawake wa Kihimba kule Namibia hupaka nywele na mwili mzima udongo mwekundu na samli, na picha zao zimepamba kalenda nyingi za Uafrika halisi. Kalenda hizo hutundikwa ukutani na watu walewale wanaomkataza binti yao nyekundu ya dukani. Nikiuliza tofauti naambiwa ile ni mila. Sawa. Lakini basi tumekubaliana kwamba rangi ya nywele haipingani na Uafrika, na kwamba ugomvi wetu ni wa nani ameruhusu.

Kuna maneno mengine ambayo yangepaswa kutuaibisha zaidi: "rangi ya nywele ya Mwafrika ni nyeusi." Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 huzaliwa na ualbino. Wana nywele za manjano tangu siku ya kwanza, walizozirithi kwa baba na mama weusi wa Usukuma, wa Pemba, wa Mtwara. Wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu jamii iliwaona si watu wa kawaida. Tunapotangaza kwamba nywele za manjano ni za Kizungu, tunawaambia nini hao? Na kwa atakayesema ualbino ni hali ya pekee, basi avuke bahari mpaka Visiwa vya Solomon, ambako watu weusi ti kama asilimia 5 hadi 10 huzaliwa na nywele za dhahabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Science ulionyesha kwamba hawakuzipata kwa Mzungu yeyote. Wana badiliko lao la jeni, ambalo Ulaya halipo.

Nakubali kwamba bibi anayeshtushwa na nywele za kahawia anaweza kuwa na sababu isiyohusiana na Wazungu kabisa. Kwa miaka mingi nywele za mtoto zikigeuka rangi, zikawa nyekundu na nyepesi, maana yake ilikuwa kwashakoo. Aliyewahi kukaa kwenye wodi ya watoto na kuuona wekundu ule hausahau. Bibi huyo namheshimu, na simhesabu miongoni mwa ninaobishana nao.

Ninaobishana nao ni hawa wa mvi.

Ingia kwa kinyozi yeyote wa mjini Jumamosi jioni, kabla ya kipaimara au send-off ya mtu. Kwenye kiti cha pili ameketi mheshimiwa, shuka limefungwa shingoni, simu mbili mapajani. Kinyozi ana kikombe cha plastiki kilichokatwa mdomo na mswaki wa meno wa zamani. Anamimina unga wa piko, anatia maji kidogo kidogo, anakoroga mpaka uwe uji mzito. Kisha anaanza na ukingo wa paji la uso, anauchora ule mstari kwa mswaki kama fundi rangi anayemalizia dirisha, anashuka kwenye panja, anamaliza na ndevu. Wanasubiri robo saa wakizungumza Simba na Yanga. Kitambaa cha maji ya moto, na mheshimiwa anasimama akiwa mdogo kwa miaka 15. Analipa, anatoka, anakwenda ukumbini, na akishika kipaza sauti atawaasa vijana waridhike na maumbile yao.

Nyeusi ndiyo rangi inayodanganya. Dhahabu haidanganyi, bluu haidanganyi, hata hina haidanganyi. Piko hutumika ili usijue. Anayeipaka anakuomba uamini jambo lisilo kweli juu ya umri wake, na mara nyingi umri huo una uzito: anaomba kura, anaomba mkataba uongezwe, anaomba mkono wa binti wa miaka 26. Kama kuna mahali ambapo rangi ya nywele inaficha utambulisho wa mtu, ni kwenye kiti kile cha pili.

Wakubwa wa dunia nao wamo. Hosni Mubarak wa Misri aliondolewa madarakani Februari 2011 akiwa na miaka 82 na kichwa cheusi ti. Gerhard Schröder, Kansela wa Ujerumani, mwaka 2002 alikwenda mahakamani kulizuia shirika la habari lisirudie madai kwamba anapaka rangi mvi za kwenye panja. Mahakama ya Hamburg ikampa ushindi. Mkuu wa serikali ya nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote za Ulaya aliona neno hilo linagusa uaminifu wake kiasi cha kuajiri mawakili. Uniambie tena kwamba ni wasichana wa Sinza, Dar es Salaam, wanaohangaishwa na nywele.

Mvi zimekuwa na hadhi mbili kwetu. Mdomoni tunasema ni busara. Mwanamume akizipaka, anajitunza. Mwanamke akiziacha, amejiachia. Akizipaka piko, anajitunza pia, mradi mtu asijue. Kinachotuudhi ni yule anayepaka rangi ya wazi bila kuficha kwamba amepaka, tena akiwa mdogo, tena akiwa mwanamke. Mkuki kwa nguruwe.

Nilishuhudia hili likisemwa kwa ufupi zaidi kuliko nitakavyoweza. Ilikuwa saluni moja ya Dar es Salaam, ya kina mama, feni imekufa na harufu ya amonia imejaa mpaka mlangoni. Binti wa miaka 20 hivi alikuwa ameshapakwa blichi, amefungwa karatasi za foili kichwa kizima, na woga ukaanza kumwingia.

"Dada, mama ataniua mimi."

Msusi hakuinua macho. Alifungua foili moja, akavuta unywele na kuutazama kwenye mwanga. "Mama yako huyuhuyu ninayempaka piko kila mwisho wa mwezi? Mwambie nimesema anisalimie."

Saluni nzima ilicheka, na binti akacheka. Foili zilipofunguliwa nywele zilikuwa za rangi ya chungwa bivu, mbaya kweli, kwa sababu nywele nyeusi haziendi kwenye dhahabu moja kwa moja. Hupitia kahawia, wekundu, chungwa, ndipo manjano, na anayekimbilia mbele kwa haidrojeni peroksidi kali atabaki na nywele zinazokatika mkononi. Msusi alimwambia hayo waziwazi: leo tunaishia hapa, nakufunika na kahawia, urudi baada ya wiki sita. Binti alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, akasema ni nzuri, na ilikuwa nzuri. Alichokipata pale si Uzungu. Alipata kichwa alichokichagua.

Na kwa binti wa nchi hii hilo si jambo dogo. Fikiria miaka yake. Darasa la kwanza mpaka la saba, kichwa kipara au nywele fupi za kukwangua. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, vilevile. Miaka 11 ambayo kuna mtu mwingine mwenye haki juu ya kichwa chake: mwalimu wa zamu anayepita mstarini asubuhi, matroni mwenye mkasi mfukoni, kiranja anayeandika majina. Wapo waliokatwa njia moja katikati ya kichwa mbele ya shule nzima ili waone haya kwenda kumalizia wenyewe. Kenya hali imekuwa hiyohiyo katika shule nyingi za umma. Sababu zinazotolewa ni usafi na usawa, nami sizibezi, kwa mtoto wa bweni lenye maji ya kuchota zina maana. Lakini kipindi hicho kikiisha usimshangae. Mara tu mtihani wa kidato cha nne unapokwisha, Novemba, nenda mtaani ukaangalie vichwa. Wanasuka, wanafuga, wanatia dawa, wanatia rangi, wanabadilisha kila baada ya wiki mbili. Watu wazima huita hali hiyo kuchanganyikiwa. Mimi naona mtu anayejaribu sauti yake baada ya kunyamazishwa. Baadhi ya anavyojaribu ni vibaya, kama tulivyojaribu sisi mashati ya kola kubwa, na hakuna aliyeandika makala juu ya utambulisho wetu uliopotea.

Hapo ndipo hoja ya kutojiamini inaponichekesha. Binti asiyejiamini hufanya nini? Hufanya wanavyofanya wenzake. Huvaa ya kijivu, hukaa kiti cha nyuma, huhakikisha hakuna anayemwona. Kupita katikati ya Kariakoo saa sita mchana ukiwa na nywele za kijani kunahitaji kifua. Utaitwa majina, utapigiwa miluzi, mzee usiyemjua atakukemea, na bado utafika unakokwenda. Sisemi kila mwenye rangi ni jasiri. Nasema kwamba ukimwona mtu anabeba mzigo wa macho ya mtaa mzima na hatetereki, kusema hajiamini ni kukataa kuona kilicho mbele yako.

Sasa nimfikie muuza dai, niliyemwacha ametabasamu muda wote huu. Huyu naye anasema uongo, tena wa kuuza. Tangu Eugène Schueller alipotengeneza dai yake jijini Paris mwaka 1907 na baadaye kuanzisha kampuni ambayo leo ndiyo L'Oréal, biashara hii imejifunza kwamba rangi peke yake hailipi vizuri. Kinacholipa ni kumshawishi mteja kwamba ndani ya boksi mna nafsi yake bora. Tangazo la Clairol la mwaka 1956 liliwauzia Wamarekani siri: umepaka au hujapaka, nani ajue. Lile la L'Oréal la mwaka 1973 likawauzia fahari: napaka kwa kuwa nastahili. Kati ya aibu na kustahili ilipita miaka 17, na kilichokuwa ndani ya boksi kilikuwa kilekile.

Angalia basi jinsi muuza dai na mkemeaji wanavyokubaliana. Mmoja anasema paka, utajiamini. Mwingine anasema umepaka, kwa hiyo hujiamini. Wote wawili wameuweka moyo wa mwanamke kwenye unywele. Binti akifeli usaili, wa kwanza atamwambia anunue rangi nyingine na wa pili atamwambia aiondoe, na hakuna atakayemuuliza aliulizwa nini kule ndani na kama alilijua jibu. Ukweli ni mdogo kuliko wanavyotaka wote wawili. Rangi mpya hukupa wiki chache za kujitazama kwa hamu. Watu watakuona, nawe utajua wanakuona, na kuna wanaonufaika na hilo: aliyeachika na amechoka kuonewa huruma, aliyepona maradhi na nywele zimeanza kurudi, mama aliyemaliza kunyonyesha na anataka kukumbuka sura yake. Kisha mwezi unapita na kichwa kinakuwa kichwa. Hakuna tatizo kwa hilo. Furaha ya mwezi mmoja ni furaha.

Ninaomba kitu kimoja kwa wenye hasira. Mna nguvu, mna mimbari, mna vipaza sauti, na mnasema mnawahurumia hawa mabinti. Basi iko kazi yenu. Piko nyingi zinazouzwa kwa kupimwa kijiko hazina hina hata chembe; hina halisi hutoa chungwa na wekundu, inachukua saa kadhaa, na haiwezi kutoa nyeusi ya papo hapo. Kinachotia weusi ule ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye dai ya nywele isipozidi asilimia 2, na unaikataza kwenye ngozi. Kwetu hukorogwa kwa kukisia, hupakwa kichwani kwa mheshimiwa, na hupakwa mikononi na miguuni kwa bibi harusi na kwa watalii ufukweni Unguja na Mombasa, na wapo wanaoondoka na malengelenge na kovu lenye umbo la ua. Aliyeungua mara moja anaweza kudhurika na dai ya aina hiyo maisha yake yote. Blichi nayo huwekwa juu ya nywele zilizotiwa dawa juzi, na msusi asiyefundishwa hajui kwamba haidrojeni peroksidi ya asilimia 12 haitumiki pale panapotosha ya 6.

Tangu mwaka 2019 vipodozi Tanzania Bara vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, badala ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Lishinikizeni. Daini kila pakiti ya dai iwe na maelezo ya Kiswahili, kilichomo na kiasi chake. Daini wasusi wafundishwe kumjaribu mteja nyuma ya sikio kwa tone dogo saa 48 kabla ya kumpaka kichwa kizima. Wewe unayepaka, ikiwa ni dhahabu au ni piko, mkatae msusi au kinyozi asiyefanya hivyo. Na wewe ofisa utumishi, irudishe ile barua juu, usome vyeti.